Dumu la Njano Linaporudi Kazini

Ukipita mitaa ya Nyahanga, mjini Kahama, dumu la njano la lita 20 utalikuta karibu kila ua. Liliingia nyumbani na mafuta ya kula, mafuta yakaisha, likageuka chombo cha maji. Maji ya Ziwa Victoria yalipoanza kuletwa kwa mabomba kutoka chanzo cha Ihelele, mkoani Mwanza, hadi Shinyanga na Kahama, dumu lilipunguziwa safari lakini halikustaafu. Bado linahifadhi maji ya siku ya mgao, linabeba dizeli ya pampu, linakatwa ubavu na kunyweshea kuku. Siku linapopasuka pembe ya chini, mtoto hutumwa kulipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki. Huko linatupwa juu ya mzani pamoja na beseni lililopauka na kreti ya soda iliyovunjika, na watu wengi hudhani habari yake imekwisha.

Mimi naona hapo ndipo inapoanza kazi inayostahili sifa. Kulirudisha dumu hilo kuwa kitu cha maana kunahitaji watu wanaojua kuchanganya plastiki, na kuchanganya plastiki ni ufundi mgumu kuliko unavyoonekana. Wapo wanaoufanya wameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi. Wapo wanaoufanya kiwandani mbele ya mashine ya mamilioni. Nawaheshimu wote, na wale wa kwanza nadhani tumewaheshimu kidogo mno.

Karibu kila kitu kilichopanda kwenye mzani ule ni thamoplastiki, yaani plastiki inayolainika kwa joto na kugumu ikipoa, na ambayo inaweza kurudia hivyo mara nyingi. Kishikio cheusi cha sufuria hakimo humo. Ukikitia moto kinaungua tu, hakiyeyuki. Dumu ni la polietilini nzito, ile inayoandikwa HDPE. Mfuko wa maziwa ni polietilini nyepesi. Kiti cha plastiki, ndoo nyingi na viroba vya mchele ni polipropilini. Chupa ya maji ya dukani ni PET, na kifuniko chake si PET: mara nyingi ni polietilini nzito, wakati mwingine polipropilini. Chupa moja mkononi, plastiki mbili, na ukiihesabu lebo huenda ni tatu.

Chini ya chombo kuna pembetatu ya mishale yenye namba, mfumo uliobuniwa Marekani mwaka 1988. Ungekuwa msaada mkubwa kama namba ingekuwepo kila mara. Lakini beseni limesuguliwa na mchanga miaka minane, kipande kilichovunjika hakikuvunjika na namba yake, na vitu vingine vilitoka kiwandani bila alama yoyote. Kwa hiyo mchambuzi, yule wa kisu na ndoo iliyopinduliwa, hutumia mwili wake. Anabonyeza ukucha: polietilini inakubali alama, polipropilini inaikataa. Anakunja: bawaba nyembamba ya kifuniko cha polipropilini hukunjika na kukunjuka mara nyingi bila kukatika, PVC hupiga mstari mweupe pale ilipokunjwa, polistairini huvunjika papo hapo. Anaangusha kipande sakafuni na kusikiliza. Akibaki na shaka anakiwasha ncha kidogo sana kwa kiberiti. Polietilini hudondosha matone yanayowaka na kunukia mshumaa. Polistairini hutoa masizi meusi mengi. PVC haipendi kuendelea kuwaka ukiondoa moto, na moshi wake unachoma koo kwa sababu una asidi ya hidrokloriki. Mwenye busara hainusi mara ya pili, na kwa kweli jaribio hilo la moto lingefaa kuachwa kabisa pale ambapo maji yanaweza kujibu swali lilelile.

Na maji yanajibu mengi. Pipa lililokatwa katikati na kujazwa maji hugawa lundo la vipande vilivyosagwa bila kubishana na mtu. Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. PET na PVC, ambazo sentimita moja ya ujazo ina uzito wa karibu gramu 1.4, zinazama, na polistairini inazifuata taratibu kwa sababu imezidi maji kidogo tu. Vifuniko vya chupa vinapanda juu, vipande vya chupa vinashuka. Mchanga na kutu navyo vinashuka.

Shida inabaki kwa zile mbili zinazoelea pamoja. Hapo kuna hila nzuri ninayoipenda. Chukua maji na spiriti, karibu nusu kwa nusu, ukoroge. Mchanganyiko huo una uzito wa gramu 0.93 hivi kwa sentimita ya ujazo. Tia kipande cha dumu, chenye 0.95: kinazama. Tia kipande cha kiti cha polipropilini, chenye 0.90 au juu yake kidogo: kinaelea. Kwenye glasi ya chai, kwa gharama ndogo, umeona kwa macho tofauti ambayo mikono ya wengi haiwezi kuisema kwa uhakika.

Kwa nini kusumbuka hivyo? Kwa nini isiyeyushwe yote pamoja ikaisha? Swali hili huulizwa na kila mtu anayeanza biashara ya plastiki, na jibu lake ndilo moyo wa ufundi huu.

Plastiki nyingi hazichanganyiki. Zinapikwa pamoja, zinamiminwa pamoja, zinapoa pamoja, na ndani kila moja imebaki peke yake, kama mahindi na maharage kwenye makande. Vimiminika vingi vya kawaida, kama maji na spiriti, huchanganyika kwa urahisi kwa sababu molekuli ndogo zina njia nyingi mno za kutawanyika katikati ya nyingine, na utawanyiko huo una nguvu yake. Mnyororo wa polima una maelfu ya viungo vilivyofungamana. Hauwezi kutawanyika kiungo kimoja kimoja, kwa hiyo faida ya kuchanganyika inapungua hadi karibu sifuri. Hapo kutopendana kidogo tu kunatosha kuzitenga. Polietilini na polipropilini zote zimejengwa kwa kaboni na hidrojeni tupu, na tofauti yao ni tawi dogo la kaboni moja linalojitokeza kwenye polipropilini kila baada ya hatua. Tawi hilo dogo linatosha. Vipande vya moja vinakaa ndani ya nyingine kama vitone, na mahali vinapogusana hapashikani. Ukitengeneza dumu kwa mchanganyiko huo, litaonekana zima dukani. Litapasuka siku ya kwanza litakapoangushwa limejaa.

PET ikiingia kwenye polietilini ni mbaya zaidi. Polietilini nzito inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, polipropilini 160 na kitu, PET hadi 250 au zaidi. Katika mashine iliyowekwa joto la polietilini, kipande cha PET hakiyeyuki kabisa; kinapita kigumu na kuziba chujio. Ukipandisha joto ili kiyeyuke, na kama kulikuwa na PVC kidogo humo, PVC imekwisha kuoza na asidi yake inakula chuma cha mashine. Ndiyo maana mchambuzi aliyekosea kipande kimoja anaweza kuharibu kazi ya kutwa nzima ya mtu asiyemjua, labda aliyeko Dar es Salaam.

Kuna ugumu mwingine unaomjaribu hata fundi mkubwa. Dumu na kifuniko cha chupa vinaweza kuwa plastiki ileile, namba 2 ileile, na bado visifaane. Dumu linatengenezwa kwa kupuliza: bomba laini la plastiki ya moto linaning'inia hewani, kisha hewa inalisukuma hadi kuta za kalibu. Plastiki inayoning'inia bila kudondoka lazima iwe na minyororo mirefu, mizito kutiririka. Kifuniko kinasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu nyembamba, kwa hiyo kinahitaji minyororo mifupi inayokimbia. Changanya vifuniko vingi kwenye plastiki ya madumu, na dumu jipya litaanza kupasuka pembeni baada ya kukaa na maji ya sabuni, bila kuangushwa na mtu. Minyororo mirefu ndiyo iliyokuwa inashona ukuta usifunguke. Fundi anayejua hili huweka vifuniko kando, ingawa macho yanamwambia ni mali moja.

Kazi ikifika kwenye mashine ya parafujo, ufundi unahamia masikioni na machoni. Ndani ya silinda ndefu ya chuma, parafujo inazunguka na kusukuma vipande mbele; joto la nje linasaidia, lakini sehemu kubwa ya joto inatokana na msuguano wenyewe. Mbele kuna wavu wa kuchuja, kisha tundu, na plastiki inatoka kama nyuzi zinazopita kwenye maji na kukatwa punje. Mtu aliyesimama hapo anaonekana hafanyi kitu. Anasoma. Uzi ukitoka na mapovu, vipande havikukauka. Uzi ukiwa na vinundu, kuna kitu kisichoyeyuka. Uso wa uzi ukikwaruza mkono badala ya kuteleza, minyororo ni mirefu mno kwa kasi ile, au joto ni dogo. Mshale wa umeme wa mota ukianza kupanda, mzigo ulioingia ni mzito kutiririka kuliko ule wa asubuhi: mtu amemwaga gunia la madumu. Ukishuka ghafla, yameingia makreti au vifuniko. Anapunguza, anaongeza, anamwita kijana aliyeko kwenye tundu la kulishia na kumwonyesha kwa kidole gunia gani lifuate.

Anajua pia kwamba plastiki huchoka. Kila inapoyeyushwa, minyororo ya polipropilini hukatika, na inazidi kuwa nyepesi kutiririka. Polietilini nyingine hufanya kinyume, minyororo yake huungana na kukaza. Kwa hiyo kila kapu la mchanganyiko linapata sehemu ya plastiki mpya, dawa kidogo ya kuzuia kuungua, na kwa vitu vya kukaa juani, masizi ya kaboni. Mabomba meusi unayoyaona yametandazwa kandokando ya barabara na migodini ni meusi kwa sababu hiyo: asilimia 2 hadi 2.5 ya kaboni iliyosagwa laini sana hukinga bomba dhidi ya jua. Ikitawanywa vibaya, ikabaki vidonge, bomba litapasuka kwenye kidonge. Kuitawanya sawasawa ni kazi ya parafujo ile na uvumilivu wa yule mtu. Bomba la maji ya kunywa lenye shinikizo, hata hivyo, viwango haviruhusu litengenezwe kwa madumu ya mtaani, na ni sawa visiruhusu. Dumu letu litakuwa bomba la kupitishia nyaya, ndoo ya zege, ubao wa plastiki, mkeka.

Ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Geita, una plastiki yake ya pekee. Mawe yenye dhahabu yanatoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kwa viroba. Mchele wa Kahama nao unasafiri kwa viroba. Kiroba ni polipropilini iliyovutwa kuwa utepe na kufumwa, safi kabisa kikiwa kipya. Kikishabeba mawe, kikachomwa na jua miezi kadhaa, kinamomonyoka vidoleni, na hata ukikisaga kinakuja na vumbi la mawe linalotafuna parafujo. Tangu Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, sokoni imejaa mifuko mbadala inayohisika kama kitambaa, ambayo nayo ni polipropilini. Nchi ilibadilisha sheria, na lundo la mchambuzi likabadilika namba.

Kisha kuna vyombo vya kukataa. Pipa au dumu lililobeba sianidi ya kuchenjulia dhahabu, au kemikali yoyote ya mgodini, halipaswi kuingia kwenye lundo hata likioshwa. Dumu lililobeba dizeli muda mrefu pia lina kesi, kwa sababu polietilini hunywa mafuta. Utalisafisha kwa sabuni, utalianika, na bado ndani ya ukuta wake kuna mafuta yatakayotoka kama gesi kwenye mashine na kuacha harufu ndani ya ndoo ambayo mtu atawekea unga. Mchambuzi mzuri hufungua kifuniko na kunusa kabla ya kupima. Ningependa anunuaye amlipe kwa kukataa kama anavyomlipa kwa kukubali, maana kilo moja aliyoikataa imeokoa mia.

Mfano bora wa kuchanganya ninaoujua Tanzania uko Arusha, na huenda umelala chini yake jana. Mwaka 2003 kampuni ya A to Z Textile Mills ilianza kutengeneza chandarua cha Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Dawa ya kuua mbu haikupakwa juu ya uzi. Ilichanganywa ndani ya polietilini ikiwa bado imeyeyuka, asilimia 2 ya uzito, kisha uzi ukavutwa. Dawa hiyo, permethrini, haikai tuli humo. Inatambaa polepole kutoka ndani kuja juu, na chandarua kikifuliwa, nyingine inafuata kuchukua nafasi ya iliyoondoka. Fikiria usahihi unaotakiwa: dawa ikikubaliana mno na plastiki, itabaki ndani na mbu watatembea salama, ikikataana nayo mno, itatoka yote mapema na chandarua kitabaki wavu mtupu. Waliobuni kitu hicho walitumia kutoelewana kwa vitu viwili na kukugeuza kuwa saa inayotoa dawa kidogo kidogo. Na ni hapo mchambuzi anaporudi kwenye hadithi: chandarua kingine kinachofanana na hicho kwa macho ni cha poliesta kilichopakwa dawa, yaani ni jamaa wa chupa ya maji ya PET. Vyote viwili vina dawa, na hakuna hata kimoja kinachopaswa kuishia kwenye lundo la beseni za jikoni.

Wanasayansi nao hawajachoka na zile mbili zinazoelea pamoja. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Minnesota, wakiwamo James Eagan, Geoffrey Coates na Frank Bates, walichapisha katika jarida la Science mnyororo wenye vipande vinavyopokezana, kimoja cha polietilini, kinachofuata cha polipropilini, kisha tena. Kila kipande kinajisokota ndani ya plastiki ya jinsi yake, na mpaka uliokuwa haushikani unashonwa. Asilimia 1 tu ya mnyororo huo ilitosha kugeuza mchanganyiko unaovunjika kuwa mgumu unaovutika. Nikisoma kazi ya namna hiyo namkumbuka mtu wa kisu na ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu wote wawili wanashughulika na tawi lile moja la kaboni, mmoja kwa kemia, mwingine kwa ukucha.

Wapo pia walioamua kutafuta kazi ambayo mchanganyiko mbaya unaweza kuifanya vizuri. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers wanayeyusha polietilini na polipropilini pamoja na mchanga na kuzikandamiza kuwa matofali ya kutandika njia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunuku mwaka 2020. Tofali linakandamizwa tu, halivutwi, kwa hiyo ule mpaka dhaifu kati ya plastiki mbili haupati nafasi ya kufunguka, na mchanga unashika sehemu kubwa ya mzigo. Kuona kwamba udhaifu fulani hautaulizwa na kazi fulani ni akili kubwa. Lamu walichukua njia ngumu zaidi. Fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, likavikwa vipande vya ndala 30,000, likashushwa majini Septemba 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mwaka 2021 lilitembezwa Ziwa Victoria, ziwa lilelile linalonywesha Nyahanga. Jahazi linavutwa, linapindwa, linapigwa. Hakuna mchanga wa kulificha kosa.

Serikali imelitenga eneo la mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, uliositisha uzalishaji mwaka 2021, kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Viwanda vikija, mashine ya parafujo haitakuwa kitu cha ajabu. Ninachokitamani zaidi ni kidogo kuliko hicho na hakijai meza: kile kipimo cha utiririkaji kinachotumika katika maabara za plastiki. Silinda ndogo ya joto la nyuzi 190, tundu la milimita 2 chini yake, na uzito wa kilo 2.16 juu. Unatia punje chache, unasubiri dakika 10, unapima kilichodondoka. Plastiki ya dumu haifikishi hata gramu moja. Ya kreti au kifuniko hutoka gramu kadhaa. Kiwekwe pale kwenye mzani wa mnunuzi, si kiwandani, na mchambuzi afundishwe kukitumia mwenyewe, ili gunia lake lililochambuliwa vizuri liandikwe gramu zake na lipate bei yake.